Kampuni Inataka Riwaya Yangu kwa Runinga. Nitie Saini au Nichape Kitabu Kwanza?

Barua

Dada, shikamoo na hongera kwa kazi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili ya kutwa, kaunti ya Kilifi. Nina mume na watoto watatu. Huwa naandika usiku watoto wakishalala, na mwaka jana nilimaliza riwaya. Ni kisa cha mjane anayeficha hati ya shamba la familia huku wanawe wakizozana, huyu anataka kuuza na huyu anataka kubaki. Nilianza kuituma sura moja kila Ijumaa kwenye kundi la WhatsApp la walimu wenzangu. Sasa kundi lina watu wapatao mia nne, wengine wako Lamu, Nairobi, hata Muscat, na nikichelewa Ijumaa simu haipumziki.

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na kampuni moja ya Nairobi inayotengeneza tamthilia za runinga. Wanataka niigeuze riwaya iwe vipindi 26 vya dakika 24. Malipo ni Sh8,000 kwa kipindi, yanayolipwa "baada ya kipindi kurushwa hewani". Mkataba una kurasa nne, na kifungu cha saba kinasema hivi: "Mwandishi anahamisha kwa Kampuni haki zote za hadithi, wahusika na maandishi yote yatokanayo nayo, kwa njia zote, nchi zote na kwa muda wote." Nilipouliza, niliambiwa hayo ndiyo masharti ya kila mwandishi na nina wiki mbili za kutia saini. Wameniomba pia niwasimulie kwa simu jinsi msimu wa pili utakavyokuwa.

Upande wa kitabu, nilipeleka mswada kwa wachapishaji wawili. Mmoja alinijibu kuwa kisa ni kizuri lakini hakifai shuleni, wa pili hajajibu. Nikaamua nitachapa mwenyewe. Mpiga chapa amenipa bei mbili: nakala 1,000 kwa Sh250,000, au nakala 200 kwa Sh76,000. Naona 1,000 ni nafuu zaidi na Sacco yangu iko tayari kunikopesha. Ningependa kuuza kwa Sh700. Mume wangu anasema niachane na kitabu, runinga ndiyo itakayonipa jina.

Nimekuambatishia sura ya kwanza uone mwenyewe. Naomba unijibu kwa lugha ya kawaida, maana haya mambo ya haki yamenichanganya.

Mwalimu wa Kilifi

Jibu

Marahaba, mwalimu wangu, na pole kwa kukesha.

Usitie saini mkataba huo ulivyo, wala usichukue mkopo wa nakala 1,000. Hayo nimeyatanguliza kwa sababu siku walizokupa zinakwenda mbio. Ila kampuni nayo usiifukuze. Sura yako nimeisoma na ninaelewa kwa nini wanaitaka. Mkataba ni mazungumzo hadi siku ya saini, na prodyuza aliyeipenda hadithi hawezi kuiacha kwa sababu tu mwandishi ameomba kifungu kimoja kibadilishwe. Akiiacha kwa sababu hiyo, basi alichokuwa akikitaka ni umiliki wa hadithi yako, na ni heri uyajue hayo mapema.

Kisome tena kifungu cha saba, uangalie maneno "maandishi yote yatokanayo nayo". Riwaya yako imo humo. Ukishatia saini, kitabu unachopanga kuchapa hakitakuwa chako tena, na siku utakayokipeleka dukani wana haki ya kukuzuia. Hata sura zako za Ijumaa itabidi uziombee ruhusa. Ukitaka kuandika riwaya ya pili yenye mjane huyo huyo, mjane atakuwa wao. Na "kwa muda wote" maana yake ni hata kama hawatapiga picha hata siku moja.

Sasa tazama unachomiliki leo. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ni yako tangu ulipoiandika, na ulinzi huo unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Hulazimiki kuisajili popote ili iwe yako. Hata hivyo nakusihi uisajili wiki hii kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, Kecobo, kwa sababu cheti chao ni ushahidi mzuri ukifika mahali pa kubishana. Ujumbe wa kundi lako nao una tarehe, kwa hiyo usiufute. Mwajiri wako asikutie hofu: riwaya umeiandika usiku, nyumbani, na haimo katika kazi uliyoajiriwa kuifanya.

Skripti ni habari nyingine, na hapa ndipo waandishi wengi wa runinga hapa nchini wanapoumia bila kujua. Kifungu cha 31 cha sheria hiyo kinasema kazi uliyoagizwa na mtu mwingine huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Kwa hiyo mkataba ukinyamaza, ukimya huo unamfaa yeye. Haitoshi kusema "hiki kifungu kifutwe". Ni lazima uweke kingine mahali pake. Ningekuwa wewe ningewaandikia hivi:

"Riwaya na wahusika wake ni mali ya Mwandishi na itabaki hivyo. Mwandishi anaipa Kampuni peke yake ruhusa ya kutumia riwaya hii kutengeneza tamthilia ya runinga ya vipindi 26 kwa Kiswahili, na kuirusha kwa muda wa miaka mitano. Kampuni isipoanza kupiga picha ndani ya miezi 18 tangu tarehe ya saini, ruhusa hii inakoma na malipo yaliyokwisha kutolewa hayarudishwi. Haki za kitabu, redio, jukwaa, tafsiri, filamu na msimu mwingine wowote zinabaki kwa Mwandishi."

Skripti zenyewe waache wazimiliki kama wanang'ang'ania, mradi riwaya iliyo chini yake ni yako. Hapo ndipo pa kusimama. Miaka mitano na miezi 18 ni namba za kuanzia mazungumzo, wao watakuja na zao na mtakutana katikati. Jambo la kukutuliza ni kwamba sheria haitambui kuhamisha hakimiliki kwa mdomo. Lazima kuwe na maandishi yenye saini yako. Yote mliyozungumza kwa simu mpaka sasa hayajakunyang'anya kitu.

Lakini usiwasimulie msimu wa pili. Sheria inalinda kilichoandikwa, hailindi wazo. Kisa ulichokisimulia kwa simu, mtu mwingine akakiandika kwa maneno yake na wahusika wake, utamshtaki kwa lipi? Wakikuuliza tena, waambie utawaandikia muhtasari wa kurasa mbili mkataba ukishakuwa tayari. Ukiutuma, utume kwa barua pepe yenye tarehe.

Kuhusu malipo, sikubishii kiasi, wewe ndiwe unayejua shida zako. Ninachokipinga ni neno "baada ya kipindi kurushwa hewani". Kipindi kinaweza kukwama kwa sababu elfu: stesheni imebadilisha ratiba, mdhamini amejitoa, mwigizaji ameugua. Wewe utakuwa umemaliza kazi yako miezi minane nyuma. Dai sehemu siku ya saini, sehemu ukikabidhi rasimu ya kwanza ya kila kipindi, na sehemu ya mwisho rasimu ya pili ikikubaliwa. Andika pia kuwa marekebisho ni mara mbili, na ya tatu yanalipiwa. Wakikukata kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani kodi anayoikata mlipaji kabla hajakupa pesa zako, usishtuke, ila dai cheti chake. Kisha jina: mwanzoni mwa kila kipindi kuandikwe "Imetokana na riwaya ya", jina la kitabu na jina lako. Maneno hayo hayawagharimu hata shilingi, na ndiyo yatakayomleta mtazamaji kwenye kitabu chako.

Tuje kwenye kazi yenyewe, maana sioni kama kuna aliyekueleza uzito wake. Katika skripti, ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya picha. Vipindi 26 vya dakika 24 ni kurasa 624, bila kuhesabu marekebisho. Kikosi kikishaanza kupiga picha hakimsubiri mwandishi anayesahihisha insha za kidato cha tatu.

Na hutaandika kama ulivyoandika riwaya. Sura yako ya kwanza ina kurasa kumi na moja za mjane aliyeketi kisimani akikumbuka jinsi marehemu mumewe alivyolipata shamba. Ni kurasa nzuri sana. Kamera haioni hata neno moja la hizo kumbukumbu. Inaona mwanamke amekaa. Swali la kujiuliza kila unapofungua sini mpya, yaani tukio moja la mahali pamoja, ni hili: anafanya nini kwa mikono yake, na nani anamzuia? Nimejaribu kuichukua sura yako niifanye sini:

NJE. KISIMANI. ASUBUHI.

*Mjane anateka maji kwa mkono mmoja. Mkono wa pili umeshika fundo la leso kiunoni. Ndoo imejaa lakini haondoki. Mwanawe mkubwa anakuja na mgeni mwenye viatu vya ngozi vilivyojaa vumbi jekundu.*

MWANA: Mama, huyu ndiye yule niliyekwambia.

MJANE *(akimkabidhi mgeni ndoo)*: Karibu. Tubebee, chai haijapikwa.

*Mgeni amebaki na ndoo mkononi. Maji yanamwagikia viatu. Mjane ametangulia, mkono bado uko kwenye fundo.*

Hiyo ni nusu dakika. Hati imetajwa? Haikutajwa. Lakini mtazamaji atakuwa ameshaanza kujiuliza kuna nini kwenye hilo fundo, na atarudi kesho kulitazama. Hadithi ya marehemu mumewe haipotei, utaitoa kidogo kidogo, kipindi cha nne, cha tisa, kwa mdomo wa mtu anayetaka kuitumia kumwumiza mtu. Sini hiyo pia ni ya mchana, mahali pamoja, watu watatu. Prodyuza huhesabu hayo kabla ya kuhesabu uzuri wa maneno. Kama mbele kuna harusi ya usiku yenye kijiji kizima, itabidi ihamie chumbani kwa bibi harusi, ngoma isikike dirishani.

Kwa hiyo nina pendekezo. Waambie utaandika vipindi vitatu vya kwanza na ramani ya vipindi vyote 26, kila kimoja nusu ukurasa. Vilivyobaki viandikwe na waandishi wao, nawe ulipwe ada ndogo kwa kila kipindi ili uvisome na kuvisahihisha, hasa lugha. Wahusika wako ni wa Kilifi na wanazungumza kama watu wa Kilifi. Mwandishi aliyekaa Nairobi atawafanya wazungumze kama taarifa ya habari, na hapo ndipo wewe unapohitajika. Kukutana ana kwa ana na waandishi hao kuwekwe likizo ya Aprili na ya Agosti. Kama nafsi inakuambia uandike vyote 26 mwenyewe, sikukatazi, ila omba muda wa kukabidhi unaolingana na mtu mwenye vipindi vya kufundisha.

Sasa kitabu. Mumeo anakutakia mema, lakini kuhusu jina sikubaliani naye. Watazamaji watamjua mwigizaji wa mjane, watamwita kwa jina la mjane hata sokoni. Mwandishi huonekana sekunde mbili, kwa herufi ndogo. Kitabu kina jina lako kwenye jalada na kinakaa nyumbani kwa mtu.

Wala usione haya kwamba unachapa mwenyewe. David Maillu alianzisha Comb Books jijini Nairobi miaka ya 1970 akajichapishia vitabu vidogo vya bei nafuu vilivyosomwa kila mahali. Ben Mtobwa, mwandishi wa riwaya za upelelezi wa Dar es Salaam, alikuwa na Heko Publishers yake. Mchapishaji aliyekuambia riwaya haifai shuleni hakukutukana. Biashara yake inategemea vitabu vinavyopitishwa na KICD, taasisi ya mitaala inayoidhinisha vitabu vya shule, na kisa cha wana wanaotaka kumdhulumu mama yao ni kigumu kukiingiza humo. Wasomaji wako ni watu wazima, nao umeshawapata.

Bei ya mpiga chapa imekuvutia kwa sababu nakala moja kati ya 1,000 ni Sh250, na nakala moja kati ya 200 ni Sh380. Ipige hesabu upande wa pili. Duka la vitabu likikata asilimia 40, katika Sh700 unabaki na Sh420. Kurudisha Sh250,000 kupitia maduka ni kuuza nakala 596, na bado hujalipa riba ya Sacco wala nauli ya maboksi. Tena maduka mengi yatavichukua kwa mali kauli, watakulipa vikinunuliwa, na wewe ndiwe utakayefuatilia. Nakala 200 ukiziuza mwenyewe kwa Sh700, Sh76,000 zinarudi ukiuza nakala 109. Una watu mia nne wanaokungoja kila Ijumaa.

Fanya hivi: usitume sura za mwisho. Litangazie kundi kwamba kitabu kinakuja, anayetaka alipe mapema kwa M-Pesa, na jina lake liandikwe kwenye daftari. Fungua laini mahususi kwa kazi hiyo, usichanganye na pesa za nyumbani. Wakilipa watu mia na ishirini, mpiga chapa atalipwa na wasomaji na Sacco hutaihitaji. Wasipofika hata hamsini, utakuwa umejua kabla ya kujaza chumba cha watoto maboksi. Za mbali zipeleke kwa basi, mpokeaji alipie mzigo. Wa Muscat mtafutie msafiri.

Kabla ya kuchapa, lipa mhariri. Wewe ni mwalimu wa Kiswahili, najua utasema unaweza mwenyewe, lakini jicho lililoandika husoma lilichokusudia. Sura ya kwanza peke yake mwana mkubwa ana majina mawili, ukurasa wa 3 ni Kazungu na ukurasa wa 9 ni Karisa. ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, iombe mwenyewe, kwa jina lako, kutoka Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, KNLS. Mpiga chapa akikuambia atakupa yake, kataa kwa upole, maana katika kumbukumbu yeye ndiye atakayeonekana kuwa mchapishaji. Ukija kutoa toleo la kusomwa kwa simu, hilo litahitaji namba yake nyingine. Mwombe pia mpiga chapa nakala moja ya mfano, uifungue katikati kwa nguvu kama mwanafunzi anavyofanya. Kurasa zikichomoka, gundi ni mbaya, usilipe salio.

Kipi kitangulie? Kitabu kitoke kwanza, hata kama ni hizo 200 tu, kabla kipindi cha kwanza hakijarushwa. Kikishakuwa dukani chenye jina lako na mwaka, hakuna wa kudai kwamba hadithi ilizaliwa kwenye chumba cha waandishi wao. Nakala 1,000 zina wakati wake, nao ni siku utakapopewa tarehe ya kurushwa kwa maandishi. Hapo bei ya Sh250 itakuwa na maana, kwa sababu watazamaji wasiolijua kundi lako watakuwa wakikitafuta. Utatamani jalada la toleo hilo liwe na picha ya waigizaji. Picha hizo ni mali ya kampuni, kwa hiyo kwenye mkataba ongeza sentensi inayokuruhusu kutumia picha moja bila malipo. Ni rahisi kuipata sasa wanapokuhitaji.

Barua ya kujibu kampuni usiiandike kwa hasira wala kwa kuomba radhi. Wape kifungu kipya cha saba, masharti ya malipo, ya jina na ya picha, na uwaombe wiki tatu zaidi ili wakili aupitie mkataba. Tafuta wakili anayejua hakimiliki, hata akiwa Mombasa au Nairobi, na umlipe kwa kuusoma tu. Mkataba wa kurasa nne haumchukui siku. Wakikujibu, niandikie walichokubali na walichokataa, hasa kuhusu ile miezi 18, tuone pamoja kama inafaa kuendelea nao.